Mto wa Mbu: Gari la watalii linaposimama, nani anauza?

Mto wa Mbu, wilayani Monduli katika mkoa wa Arusha, ni mji ambao karibu kila gari la watalii linalokwenda Ngorongoro na Serengeti kutoka Arusha hulazimika kuupita. Lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara liko pale mji unapoishia, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kwa mfanyabiashara anayetazama ramani, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kufungua duka. Kwa yule aliyekaa pale msimu mzima, hesabu ni nyingine. Magari mengi hupita, machache husimama, na hata yanaposimama si kila mwenye meza anauza.

Swali la mwenye mtaji mdogo basi si watalii wangapi wanapita, bali ni kitu gani kinawafanya washuke garini, wanapofika chini wanakula nini, wananunua nini, wanatazama nini, na fedha wanayotoa inaishia mikononi mwa nani. Ukurasa huu unapitia biashara hizo moja baada ya nyingine, pamoja na hatari zake.

BARABARA NA SAA

Kutoka Arusha gari hufuata barabara kuu ya Dodoma kwa yapata kilometa 80 hadi Makuyuni, hukata kulia, na baada ya mwendo usiofika kilometa 40 huingia Mto wa Mbu. Kutoka hapo barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali na kuelekea Karatu. Kipande cha Makuyuni hadi lango la Ngorongoro kiliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani.

Lami hiyo ilikuwa na pande mbili kwa wafanyabiashara wa mji. Upande mmoja ilipunguza gharama ya kusafirisha ndizi na mchele kwenda Arusha, na kurahisisha kuleta bidhaa za dukani. Upande wa pili ilimwondolea dereva sababu ya kusimama. Zamani safari ilikuwa ya vumbi na mashimo. Abiria aliomba kunyoosha miguu na kunywa kitu baridi. Siku hizi anaweza kutoka Arusha baada ya chai ya asubuhi na kuwa langoni kabla ya adhuhuri bila kushuka.

Saa nazo zina nguvu kuliko barabara. Kiingilio cha hifadhi hulipiwa kwa muda maalumu, na muda huo huanza kuhesabiwa mgeni anapoingia. Ratiba nyingi huipa Manyara nusu siku au siku moja tu, kisha mgeni hulala Karatu au juu ya ukuta ili kesho yake awahi Ngorongoro. Wageni wanaosafiri kwa ndege ndogo hutua katika uwanja wa Manyara ulio juu ya ukuta, na wengi wao huuona mji kwa mbali tu. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mto wa Mbu hashindani na jirani yake peke yake. Anashindana na saa ya dereva.

MAJI NDIYO MTAJI WA KWANZA

Kabla ya kuzungumzia meza na maduka, ni vizuri kufahamu mji huu umesimama juu ya nini. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa maji hutoka ardhini na katika vijito mwaka mzima. Maji hayo ndiyo yanayolisha msitu mzito ambao mgeni huukuta mara tu baada ya kupita lango la hifadhi, na ni maji ya asili hiyo hiyo yanayolisha mashamba ya mpunga na migomba ya mji.

Kilimo cha umwagiliaji kilipanuka kuanzia miaka ya 1950, na watu wakaja kutoka pande zote: Wachaga, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wagogo, Wanyamwezi na wengine wengi, wakawakuta Wamaasai wenye eneo. Wamakonde walikuja na patasi zao kutoka kusini. Wenyeji hujivunia kwamba kila kabila la Tanzania lina mtu wake Mto wa Mbu. Kwa mfanyabiashara mchanganyiko huo una faida ya wazi. Katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu zinapatikana mbege ya Kichaga, mikeka na vikapu vya mafunjo vinavyosukwa na Warangi, vinyago vya Kimakonde na shanga za Kimaasai. Miji michache ya barabara ya kaskazini ina bidhaa za aina nyingi hivyo zinazotengenezwa papo hapo.

Maji hayo hayo ndiyo hatari ya kwanza. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ukuta, maji hushuka kwa kasi na kuingia mashambani na katika nyumba. Ukame ukizidi, wakulima hugombea zamu za mfereji, na ziwa lenyewe, ambalo ni la magadi na lenye kina kifupi, hurudi nyuma sana. Mwekezaji anayenunua kiwanja kwa ajili ya kambi au mgahawa afike akione kiwanja hicho wakati wa masika, wala asitosheke na kukitazama Agosti.

CHAKULA: BOKSI LA ARUSHA NA SUFURIA YA MTO WA MBU

Biashara inayopotea zaidi katika mji huu ni chakula cha mchana. Makampuni mengi ya utalii huwapa wageni chakula kilichofungwa katika boksi asubuhi, ama Arusha ama katika hoteli walikolala: kipande cha kuku, yai la kuchemsha, mkate uliotiwa kitu ndani, keki, juisi na tunda. Mara nyingi tunda lenyewe ni ndizi. Mgeni huila ndizi hiyo katika eneo la mapumziko ndani ya hifadhi, baada ya kupita katikati ya mji wenye migomba kila upande. Huenda ndizi hiyo ilivunwa hapo hapo Mto wa Mbu, ikapanda lori kwenda Arusha, kisha ikarudi ndani ya boksi.

Boksi hilo lina sababu zake. Linaokoa muda, gharama yake inajulikana mapema, na kampuni haina hofu kwamba mgeni ataumwa tumbo. Anayetaka kuuza chakula kwa watalii lazima ajibu hoja hizo tatu, yaani muda, bei na usafi.

Wapo wanaoendesha biashara nzuri bila kumgusa mtalii kabisa. Karibu na stendi na soko, mama ntilie na hoteli ndogo huuza supu na chapati asubuhi, na mchana wali maharage, ugali nyama na ndizi nyama. Jioni ni zamu ya chipsi mayai na nyama choma. Wateja wao ni madereva, utingo, wakulima, waendesha bodaboda, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa hoteli za kitalii. Faida ya sahani moja ni ndogo, lakini sahani huuzwa Januari kama zinavyouzwa Aprili. Madereva wa watalii nao hula hapo wanapopata nafasi, na dereva aliyeshiba vizuri hulikumbuka jiko.

Katikati ya boksi na mama ntilie imekua biashara ya tatu, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa na mwenye mtaji mdogo: chakula cha mchana cha moto kinachopikwa nyumbani au chini ya migomba kwa wageni walioagiza mapema. Mezani huwekwa wali au pilau, ndizi za nyama, kuku wa kienyeji, mchicha, maharage, chapati, kachumbari na matunda. Mgeni huonyeshwa jiko na shamba, hula, hupumzika na kuondoka. Agizo hupitia kikundi cha utalii wa utamaduni au dereva, kwa kawaida siku moja kabla.

Chukua mfano ufuatao, ambao bei zake ni za kuonyesha hesabu tu. Kundi la watu 6 limeagiza kwa Sh. 20,000 kila mmoja, hivyo mapato ni Sh. 120,000. Vyakula, pamoja na sahani ya dereva, vimegharimu Sh. 45,000, gesi, mkaa na maji Sh. 8,000, wasaidizi wawili Sh. 20,000, na mgao wa kikundi wa asilimia 10 ni Sh. 12,000. Jumla ya gharama ni Sh. 85,000, na mpishi anabaki na Sh. 35,000.

Sasa wageni wawili wanabaki hotelini. Mapato yanashuka hadi Sh. 80,000. Chakula kimekwisha pikwa na wasaidizi wamekwisha fika, hivyo gharama ni Sh. 73,000 pamoja na mgao wa Sh. 8,000. Mpishi amepoteza Sh. 1,000, na jua lote amelichomwa yeye. Hasara hiyo inatokana na kukosa malipo ya awali, wala si bei. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hudai angalau nusu ya fedha kwa simu siku ya kuagiza, au hukubaliana na kampuni kwamba idadi iliyoagizwa ndiyo itakayolipwa.

Usafi nao una gharama, nazo ziingizwe katika mtaji wa kuanzia: choo safi chenye maji, mahali pa kunawa, maji ya chupa, na matunda yanayomenywa mbele ya mgeni. Kampuni ikipata lalamiko moja la tumbo hurudi kwenye boksi, na hurudi pamoja na wateja wa jiko la jirani.

SOKONI: NDIZI, MCHELE NA VIPIMO

Soko la mazao ndilo moyo wa mji, na ndilo jambo ambalo mgeni anayepita haraka hulikosa. Ndizi ziko za aina nyingi, za kupika na za kula mbivu. Maarufu zaidi kwa wageni ni ndizi nyekundu, fupi, nene na yenye utamu wake. Mwuzaji anayeijua kazi yake hamuuzii mgeni mkungu. Humuuzia ndizi mbili tatu, au chane moja kwa watu wote wa gari. Bei ya ndizi moja barabarani huwa juu kuliko ya ndizi moja ndani ya mkungu unaopakiwa katika lori, lakini lori hubeba mamia ya mikungu, na gari la watalii huenda lisisimame.

Wachuuzi wengi kwa sababu hiyo hufanya yote mawili. Mikungu mizuri hupatanwa na wanunuzi wa Arusha, na chane chache zilizoiva huwekwa kando kwa ajili ya barabara. Ndizi iliyoiva haingoji. Isipopata mgeni leo, kesho iuzwe kwa mwenyeji kwa bei ya mwenyeji, au iende kwenye pombe. Hapo mbege husaidia, kwani ndizi mbivu zilizokosa mnunuzi huchanganywa na ulezi na kuuzwa kwa mteja mwingine kabisa.

Mchele ni biashara ya subira. Bei huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri maghala yanavyopungua. Anayenunua kwa kuweka aangalie mambo matatu: ukavu, kwani mchele wenye unyevu huvunda, kiasi cha chenga, ambacho hutegemea mashine ya kukoboa, na kipimo. Sokoni bado kisado na debe hutumika, na mashambani gunia la lumbesa halijaisha ingawa Wakala wa Vipimo umelipiga vita kwa miaka mingi. Mnunuzi wa lumbesa hufurahi siku ya kununua, lakini sheria iko upande wa mizani, na mzigo unaweza kuzuiwa njiani. Mizani ni ulinzi kwa pande zote mbili.

Kuna pia minada ya mifugo na bidhaa mchanganyiko, ambako Wamaasai huleta ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kununua mahindi, shuka na vyombo. Karatu nayo ina mnada wake mkubwa, unaofuata tarehe za mwezi badala ya siku za juma. Mfanyabiashara wa nguo au vyombo anayezunguka aipange kalenda yake kwa minada hiyo kwanza, na utalii uje baadaye.

VINYAGO, PICHA NA SHANGA

Bidhaa za kumbukumbu ndizo zinazoonekana zaidi kando ya barabara, na pia ndizo zenye ushindani mkali kuliko zote. Tatizo lake kubwa ni kufanana. Meza ishirini zikiwa na twiga yule yule wa mti, mnunuzi hana cha kulinganisha isipokuwa bei, na wauzaji huangushana wenyewe.

Wanaofanya vizuri zaidi ni wale wanaomwonyesha mgeni kazi ikifanyika. Mchonga vinyago anayeketi na patasi mbele ya wateja hahitaji kusema mengi. Hapa somo la mpingo ni la lazima. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu huachia weusi unaposuguliwa kwa kitambaa chenye maji. Mpingo mwingi hutoka mikoa ya kusini, hasa Lindi na Mtwara, hivyo gharama ya usafiri imo ndani ya kila kinyago. Anayeuza mti mwingine auite kwa jina lake. Kipo kinyago kizuri kisicho cha mpingo, na mnunuzi hukilipia bila kinyongo kama hakudanganywa.

Picha za Tingatinga nazo zina wachoraji wake mjini. Mtindo huu ulianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na ulianza kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya ubao laini. Siku hizi picha nyingi huchorwa juu ya kitambaa. Badiliko hilo la kitambaa ni la kibiashara kuliko la kisanii: picha inayokunjwa kama mkeka huingia katika begi la mgeni anayepanda ndege, wakati ubao hubaki dukani.

Shanga zina hesabu yake. Vipande vya kioo vyenyewe huagizwa kutoka nje, hasa Jamhuri ya Cheki na China, na shuka nyingi hutoka viwandani. Thamani inayobaki mjini ni mikono ya akina mama wanaotunga. Kwa hiyo bei ya shanga hufuata mabadiliko ya dola hata kama mtungaji haijui dola kwa sura. Anayenunua malighafi kwa wingi kabla shilingi haijashuka hujipatia nafasi ambayo mnunuzi wa rejareja hana.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini. Marufuku hiyo iliwafungulia njia wasukaji, kwani kikapu au mkoba wa ukili huuzwa kama kifungashio na kama bidhaa kwa wakati mmoja.

Onyo moja halina mjadala. Pembe, ngozi, meno, kucha na sehemu yoyote ya mnyama pori ni nyara za serikali. Kuwa nazo bila kibali ni kosa kubwa, hata kama mwuzaji anadai ziliokotwa. Meza yenye kipande kimoja cha namna hiyo huhatarisha soko zima.

MATEMBEZI NJE YA LANGO

Ndani ya hifadhi mgeni hufuata msitu wa maji ya chini ya ardhi, tembo, makundi ya nyani, viboko, heroe wanapokuwepo ziwani, simba wanaosifika kwa kupanda miti, na chemchemi za maji moto. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na mwaka 1981 UNESCO ililitambua kuwa hifadhi ya viumbe hai. Tembo wake walipata jina katika elimu ya wanyama pori kutokana na utafiti wa Iain Douglas-Hamilton wa miaka ya 1960. Ipo pia njia ya kutembea juu ya miti, iliyoning'inizwa kati ya matawi.

Fedha za kiingilio huenda katika mfumo wa hifadhi. Fedha inayobaki mjini hupatikana nje ya lango, na hapo ndipo matembezi ya mji yanapoingia. Katika miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, na Bodi ya Utalii Tanzania zilisaidia kuanzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na Mto wa Mbu ni kati ya miji iliyofaidika nao mapema. Mgeni huongozwa kwa miguu au kwa baiskeli kupitia mashamba ya mpunga, migomba, karakana za wachongaji na wachoraji, na nyumba za pombe. Wenye nguvu hupanda kilima cha Balaa kutazama mji na ziwa, au huenda maporomoko ya Miwaleni.

Baiskeli ni mtaji unaoeleweka. Moja hununuliwa mara moja, hukodishwa kwa saa, na msimu ukiisha hubeba ndizi. Kinachohitajika ni breki zinazoshika, matairi mazima na fundi wa karibu.

Mto wa Mbu pia ni njia panda. Barabara ya kaskazini huenda Engaruka, penye mabaki ya kijiji kikubwa cha kale chenye matuta ya mawe na mifereji, kilichohamwa karne nyingi zilizopita. Huko mbele ni Ziwa Natron na Oldoinyo Lengai. Mabaki ya Engaruka yamo ndani ya eneo la Ngorongoro-Lengai lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa hifadhi ya jiolojia. Magari yanayokwenda huko hutafuta mafuta, maji, mboga na fundi wa matairi kabla ya kuingia vumbini, na mahitaji hayo hununuliwa mjini.

KAMISHENI YA DEREVA

Hakuna anayefanya biashara kando ya hifadhi asiyeijua kamisheni. Dereva huleta gari, mgeni hununua, na sehemu ya fedha hurudi kwa dereva. Wengine huiita asante, wengine mzigo. Kwa hesabu, ni gharama ya kupata mteja, na ichukuliwe hivyo.

Mfano mwingine wa hesabu tu: kinyago kimenunuliwa kwa mchongaji Sh. 15,000, na mwuzaji anataka kubaki na Sh. 25,000. Akidaiwa kamisheni ya asilimia 30, lazima auze kwa takriban Sh. 36,000. Sh. 11,000 zilizoongezeka hazimfikii mchongaji wala mwenye duka. Mgeni akitembea hatua mia na kukikuta kwa bei ya chini, anaondoka akiamini ameibiwa, na habari hizo humtangulia.

Kukataa kamisheni kabisa humfungia mtu mlango wa barabara. Kukubali kila dai humwacha bila faida. Njia ya kati ni kuweka kiwango kimoja kinachojulikana kwa madereva wote, kiandikwe, na kilipwe kwa mauzo yaliyokamilika tu. Dereva naye ana mahitaji mengine ambayo hayamgharimu mwenye duka sana: kivuli cha kuegesha, choo, chai, na mahali pa kuchaji simu. Maduka yenye vitu hivyo hupata magari hata pale kiwango chao kinapokuwa cha chini.

FUNZO LA 2020

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, walikuwa 620,867, upungufu wa karibu asilimia 60. Idadi ilirudi taratibu, na mwaka 2024 ilifika 2,141,895.

Takwimu hizo ni za nchi nzima, lakini katika mji wa kando ya lango maana yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kinyago hakiliwi. Mwenye meza ya vinyago aliyekuwa amekopa kununua mzigo wa Juni alibaki na mzigo na deni. Mwenye migomba, mpunga, mashine ya kukoboa au jiko la wali maharage alipungukiwa, lakini mteja wa ndani aliendelea kula.

Tofauti hiyo haikuhitaji korona kuonekana. Hujitokeza kila mwaka kwa kiasi kidogo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ambapo magari hupungua. Msimu mkubwa huanza Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, kisha wageni huongezeka tena Desemba hadi Februari. Mkopo wenye marejesho ya kila mwezi haujui masika. Anayekopa kwa ajili ya biashara ya watalii pekee apige hesabu ya miezi mitatu isiyo na kitu kabla ya kutia sahihi.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Biashara zilizopitiwa hapa zinaweza kupangwa kwa kipimo kimoja: idadi ya aina za wateja. Jiko linalouza kwa madereva na pia kupokea maagizo ya wageni lina wateja wawili. Migomba ina watatu, yaani lori la Arusha, barabara na pombe. Baiskeli ina wawili. Kikapu kina wawili. Meza ya vinyago vilivyonunuliwa kwa jumla ina mmoja, naye huja na saa ya mtu mwingine mkononi.

Hiyo haina maana kwamba vinyago havilipi. Katika msimu mzuri hulipa kuliko ndizi. Maana yake ni kwamba mtaji wa vinyago uwe fedha ambayo mwenyewe anaweza kuikosa kwa miezi kadhaa, na si ada ya shule.

Kwa upande wa sheria, leseni ya biashara hupatikana halmashauri ya wilaya, na mwongoza watalii anahitaji leseni ya kazi hiyo. Stakabadhi za mashine ya EFD zitolewe bila kusubiri kuombwa, kwa kuwa makampuni ya utalii yanazihitaji kwa hesabu zao. Amri iliyotolewa Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, zikiwemo kuongoza watalii, maduka ya bidhaa za kumbukumbu na ununuzi wa mazao shambani. Raia aliyekuwa akishindana na mitaji mikubwa ya nje katika nyanja hizo amepata nafasi, lakini anayeazimisha jina lake kwa mgeni ajue anabeba kosa, na faida itakwenda kwa mwingine.

Wakati wa kufika Mto wa Mbu kwa ajili ya kuanza si Julai barabara ikiwa imejaa. Ni masika, wakati wenye meza wana muda wa kuzungumza, kodi ya fremu inapatanika, wachongaji wanauza kwa bei ya mahitaji, na maji yanayoshuka ukutani yanaonyesha wazi kiwanja kipi kinafaa na kipi hakifai.